Nafasi ya Mgeni Mmoja

Nilimwona Mrefu akitabasamu kwenye raundi ya asubuhi, na Mrefu huwa hatabasamu kwenye raundi. Profesa alikuwa amesimama kwenye kitanda cha dirishani akitueleza habari za mtoto aliyezaliwa matumbo yakiwa nje, kitoto cha kike kilichoweza kulala kwenye viganja vyangu viwili, na sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho tulikuwa tumemzunguka na nyuso za msiba. Mrefu peke yake, kule nyuma, alikuwa anachungulia simu yake chini ya faili, meno yote nje. Kisha akainua macho, akanitafuta, akaniona. Jinsi alivyonitazama, haki ya Mungu, ningeweza kuolewa naye palepale kati ya kitanda na kitanda, sista mkuu akiwa msimamizi wa harusi.

"Daktari Sindano," Profesa akaniita. "Mtoto huyu tunamfanyia nini?"

Sindano ni mimi. Wenzangu walinibandika jina hilo tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu ya wembamba wangu na kwa sababu, wanadai, nikishakuchoma kwa maneno unasahau hata njaa. Ni Mrefu tu, mchumba wangu, aliyeona jina hilo linapendeza.

"Tunayafunika matumbo yasikauke," nikajibu. "Tunamtia joto. Tunampa maji ya mshipani. Halafu tunatafuta hospitali yenye uwezo wa kumpokea."

"Na wakisema hawana nafasi?"

Wote tulijua jibu: hufa. Mama wa mtoto alikuwa amekaa kwenye stuli pembeni, kanga imemwanguka begani, na alikuwa hamtazami Profesa. Alikuwa ananitazama mimi.

Jibu lile ndilo lililonifanya niombe kwenda ugenini. Mwaka wa mwisho chuo chetu kinaturuhusu kwenda kujifunza kwa muda katika hospitali ya watu wengine, hata nje ya nchi, ukafanye kazi wodini kwao kama mgeni. Sisi tunaita kwenda ugenini, kama wachezaji wa mpira. Wengine huenda ili wapige picha. Mimi nilikuwa nataka hospitali moja tu, ng'ambo, ambako watoto wa namna ile hufanyiwa upasuaji wakarudi kwao wakinyonya. Nilihangaika na ombi lile mpaka sketi zikaanza kunivuka: barua za mapendekezo, cheti cha chanjo, picha ya kifua, maelezo binafsi niliyoyaandika nikayafuta nikayaandika tena. Majibu tulikuwa tunayasubiri wiki ile.

Raundi ilipokwisha, Mrefu hakungoja hata Profesa aishie kwenye korido. Alinishika mkono akaniingiza kwenye stoo ya mashuka, akausukuma mlango kwa kisigino.

"Tumepata!" akasema.

"Tumepata nini?"

"Ugenini! Wamenikubali."

"Wamekukubali wewe? Wapi?"

"Kulekule. Kwako." Alikuwa anacheka. "Na mimi niliomba, Sindano. Nilitaka nikushtukize. Tunakwenda wote, mpenzi wangu. Hebu fungua simu, na ya kwako itakuwa imeshaingia."

Sikuifungua. Niliegemea rafu ya mashuka.

"Uliomba hospitali ileile," nikasema.

"Ndiyo."

"Idara ileile."

"Sasa ningeomba idara nyingine ningekuwa nakufuata wapi?"

"Mrefu, ulisoma masharti?"

"Masharti gani?"

"Ya chini. Chini kabisa."

Akakuna shingo. "Nilisoma ya juu."

Ndipo nikafungua simu. Walikuwa watu wa adabu sana wale. Walinishukuru kwa kuomba, wakasifu juhudi zangu, wakanitakia kila la heri, na katikati ya sukari yote hiyo wakasema wao hupokea mgeni mmoja tu kutoka kila chuo, na wa chuo chetu wameshampata. Nikampa Mrefu simu asome mwenyewe.

Alisoma akarudia. Tabasamu lilikuwa bado limebaki upande mmoja wa mdomo, halijapata habari.

"Hapana," akasema. "Wamechanganya. Wewe ndiye unayetaka upasuaji wa watoto. Mimi mtoto akilia tu na mimi nataka kulia."

"Hawajachanganya. Alama zako zinazidi zangu. Na maelezo yako yalikuwa mazuri."

Wote wawili tulijua nani aliyafanya yawe mazuri. Alikuwa ameniletea maelezo yake binafsi niyatazame, akaniambia ni ya kuombea popote, bado hajaamua. Yalikuwa makavu, hayana hata harufu ya mtu. Mimi ndiye niliyemuuliza, mbona hujaandika habari ya siku umeme ulipokatika, ukakaa unamkandamizia mtoto mmoja puto la kumpulizia hewa kwa mkono, ukakataa kupokewa mpaka mashine zikawaka? Akasema lile si jambo la kuandika, lile ni kazi. Nikamkalisha chini nikamwandikisha neno kwa neno, huku namfuta machozi kwa sababu kila akilikumbuka hulia. Nilikuwa nampenda kupita kiasi siku ile. Nilipomaliza nilimwambia kwamba hakuna hospitali duniani itakayomkataa mtu huyu.

"Sindano..."

"Usiniguse."

Mlango ukafunguliwa. Sista mkuu akatutazama mmoja mmoja, juu ya miwani.

"Hapa ni stoo ya mashuka, si bustani ya maua," akasema. "Daktari Mrefu, kuna mtoto anasubiri kutolewa mpira wa mkojo. Na wewe, futa uso. Mama wa kitanda cha dirishani anakutafuta wewe, hataki mwingine."

Nilikwenda. Nilimweleza yule mama kwamba tumepiga simu na tunangoja, na alinishukuru kana kwamba nimempa kitu.

*

Mchana Mrefu alinikuta nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye kamba za mashuka ya wodi. Tulikuwa na mazoea ya kukutana pale, kwa kuwa shuka zikianikwa mtu haonekani ila miguu. Alikuja na chupa mbili za maji. Moja akanipa, nikaipokea, maana hasira haizuii kiu.

"Nilikwenda kwa Profesa," nikamwambia. "Barua zetu zote mbili za mapendekezo aliandika yeye. Nikamuuliza, Profesa, hukuona kwamba tunaomba mahali pamoja? Unajua amenijibu nini? 'Nilidhani mmekubaliana. Nyinyi si mnaongea kwa mdomo mmoja?'"

Mrefu akainama. Akiinama ndipo tunapokuwa sawa, na ndipo ninapoona nywele zake zilivyo laini pale nyuma ya sikio. Nikaangalia pembeni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka nikushtukize."

"Hilo umeshasema. Nipe lile la kweli."

"Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Na mama."

"Mama yako ana habari gani na mambo ya chuo?"

"Si mama yangu," akasema. "Mama yako."

Upepo ulipuliza shuka moja ikanipiga usoni, nikaisukuma kwa hasira kama ndiyo yenye kosa.

"Rudia."

"Aliniita nyumbani. Unakumbuka suruali yangu nyeusi, ile fupi? Aliniambia nipeleke aiachie pindo. Nikasimama juu ya kigoda, yeye kapiga magoti anapima, pini zimejaa mdomoni. Akaniambia, baba, huyu mtoto anataka kwenda, na mimi kumzuia siwezi. Lakini peke yake sitampa radhi. Nenda naye. Na usimwambie kama nimekuomba, atanuna." Mrefu akazungusha kifuniko cha chupa yake. "Sindano, mtu ana pini mdomoni na machozi machoni. Unamwambiaje hapana?"

"Unamwambia, mama, ngoja nimuulize mwenyewe!"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ningekwambia hospitali ile inachukua mmoja. Mmoja, Mrefu! Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na sikuwa na wasiwasi nalo kwa sababu darasa zima hakuna mwingine aliyekuwa anapataka pale. Hata wewe hupataki!"

"Nilitaka kuwa karibu yako."

"Sikuulizi hilo. Nakuuliza, wewe unataka nini? Ungepewa hospitali zote za dunia uchague, ungekwenda idara gani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nakutaka wewe."

"Hiyo si idara."

Siku nyingine tungecheka mpaka tushikiliane. Ninamfahamu, Mrefu ni mtu wa wodi ya wazee. Wazee wanamwita mjukuu, anawasomea magazeti, anajua nani anaficha dawa chini ya mto. Ukimtoa pale ukamweka kwenye chumba cha upasuaji anakuwa kama ameazimwa. Lakini hajawahi kusema kwa mdomo wake, nataka hiki. Miaka yote tangu tufahamiane, mimi nikisema tukale anakula, nikisema tulale na njaa analala. Mwanzoni niliona nimepata bahati kubwa.

"Nitajitoa," akasema.

"Mrefu, leo usinitajie neno hilo. Wala usifanye kitu chochote. Niache nipumue, nikaonane na mama yangu, halafu tutazungumza mimi na wewe. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Usifanye kitu."

"Nimesikia, Sindano."

Alininyooshea mkono, akaurudisha kabla haujafika. Niliinama nikapita chini ya kamba, nikamwacha na mashuka yake.

*

Mama yangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka lake: meza ya kukatia, cherehani mbili, ukuta mzima wa nguo za watu zinazongoja wenyewe. Nilimkuta anashona sare za shule. Hakuinua macho, alinijua kwa hatua.

"Umekuja mapema. Kuna chakula jikoni."

"Mama, nimekosa nafasi."

Cherehani ikasimama. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, mchana kweupe, dirisha likiwa nyuma yangu, kwa hiyo nilimwona vizuri. Kabla hajasema pole, kabla hajapanga uso, mama aliachia pumzi. Mabega yakashuka. Ilikuwa ni kitambo kidogo sana, lakini mimi nimefundishwa kuangalia watu wanavyopumua.

"Pole, mwanangu," akasema.

"Umefurahi."

"Nani kafurahi?"

"Umefurahi, mama. Nimekuona."

"Usinitafutie maneno."

"Nafasi kachukua Mrefu. Wanachukua mmoja tu. Ulimtuma aombe kwa siri, akaomba, akanishinda. Sasa anakwenda yeye asiyetaka, nabaki mimi ninayetaka. Hongera."

Mama alivua miwani akaiweka juu ya kitambaa. Nilimwona anajumlisha mambo taratibu, na alipofika mwisho akashika mdomo.

"Sikujua," akasema. "Wallahi sikujua kama ni mmoja. Nilidhani mtakwenda wawili mrudi wawili. Basi. Sikuwa na lingine."

"Kwa nini mimi nisiende peke yangu? Mimi ni mtoto?"

"Dada yako alikwenda peke yake."

"Mimi si dada."

"Ndivyo na yeye alivyosema. Mimi si fulani."

Dada yangu alikwenda ng'ambo kusoma, akamaliza, akapata kazi, akaolewa huko. Hupiga simu. Mama huongea naye akiwa amesimama, kama mtu anayeongea na mkubwa wake wa kazi, na baadaye hukaa bila kushona. Watoto wa dada tunawajua kwa picha.

"Dada angerudi kama angetaka," nikasema. "Mimi nitarudi kwa sababu kazi yangu iko hapa. Asubuhi hii kuna mtoto pale wodini..."

"Hujui lolote kuhusu dada yako." Mama alinikata kauli, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Siku aliyoondoka wewe ulikuwa shuleni. Alikuwa na mizigo hapo mlangoni, mimi nimekaa hapahapa. Nikamwambia, ukivuka mlango huo, usirudi." Akaokota kipande cha uzi gotini, akakikunja kidoleni. "Mtoto yule maisha yake yote hajawahi kunisikiliza. Nikisema amka, analala. Nikisema kula, ameshiba. Siku hiyo moja ndiyo akanisikiliza."

Nilikuja na maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga barabarani, yote yakanitoroka.

"Kwa hiyo wewe sikukukataza," mama akaendelea. "Niliogopa mdomo wangu. Nikasema, bora nimtume mtu mwenye mguu mrefu, amshike mkono, amrudishe. Nimekuharibia. Najua. Na hiyo pumzi uliyoiona, ndiyo, niliishusha. Mimi ni mama yako, siyo malaika."

Nikakaa kwenye kigoda, kilekile alichosimama Mrefu. Niliwaza mambo mengi pale, na la ajabu ni kwamba hasira yangu kwa Mrefu ilianza kulegea. Alikosea, lakini nafasi aliipata kwa haki. Na kama kuna mtu mwenye mikono ya kuniletea nilichokitaka, ni yeye. Ataiona wodi ile. Ataangalia wanavyowafunga watoto wale, wanavyowalisha, siku gani wanaanza kuwapa maziwa. Kila kitu ataniandikia, maana Mrefu akiandika anaandika mpaka rangi ya sabuni. Akirudi atanifundisha. Si nilichokiomba, lakini mtoto wa mwaka ujao hatauliza nani alikwenda na nani alibaki. Niliona naweza kumsamehe. Niliona hata naweza kumsindikiza. Neno la kumwambia likaja lenyewe: nenda.

Hodi ikapigwa, na Mrefu akainama kuingia mlangoni.

Alikuwa ametembea haraka, jasho limemlowesha kola. Alimwamkia mama, akanigeukia mimi, na nikaliona tabasamu lilelile la asubuhi linajaribu kutoka.

"Nimelimaliza," akasema. "Nimejitoa."

"Umefanya nini?"

"Nimekwenda ofisi ya mafunzo, nikaingia kwenye ombi langu, nikabofya kukataa nafasi. Nimekurudishia. Nilitaka mama awepo asikie. Mama, nisamehe, siwezi kwenda naye. Lakini ni haki yake."

Nilisimama. "Mrefu, ofisini walikwambia nafasi inarudi kwangu?"

Tabasamu likasita.

"Uliuliza?"

"Niliuliza."

"Lini? Kabla hujabofya au baada?"

Akamtazama mama, kama vile mama angeweza kumwokoa.

"Baada," akasema. "Nilimuuliza karani baada ya kubofya. Akasema... akasema chuo kimeshatumia nafasi yake. Inakwenda kwa mtu aliyefuata, wa chuo kingine. Lakini nimemwomba awaandikie, huenda..."

"Hawatabadilisha. Wameandika kwenye masharti."

"Ya chini?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ya chini."

Nje mtu alipita akiburuta kitu kizito, tukamsikia mpaka alipokata kona.

"Kwa hiyo," mama akasema polepole, "binti yangu haendi. Na wewe huendi."

"Ndiyo, mama."

"Mimi ndiye niliyepata nilichotaka." Akaziangalia sare zake za shule. Sikuwahi kumwona mtu aliyepata alichotaka akiwa na sura mbaya kama ile.

"Nilikwambia usifanye kitu," nikamwambia Mrefu. Sikupiga kelele. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikipiga kelele kuna nafuu. "Nilikwambia mara mbili. Uliitika mara mbili."

"Sikuweza kukaa huku wewe unaumia."

"Nilikuwa nimeshaanza kupona. Ulipopiga hodi nilikuwa nataka kukwambia nenda."

Alikaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia, magoti yake yakafika juu mno, kama kawaida yake kwenye viti vya watu. Machozi yalimtoka, hakuyaficha. Na mimi nilimpenda pale alipokaa, nilimpenda na kola yake imelowa, na nikaona wazi kwamba hiyo haitoshi.

"Ulinifuata bila kuniuliza," nikasema. "Ukaniachia bila kuniuliza. Yote mawili umeyafanya kwa mapenzi, na yote yamenikosesha nafasi. La tatu litakuwa nini, Mrefu? Tukishaoana, utaniamulia nini bila kuniuliza?"

"Sitarudia."

"Mwaka huu huu umerudia."

Mama hakumtetea. Alitutazama kama anayemwona mtu amevaa nguo yake ya zamani.

Nikaisukuma chaki na mkasi pembeni, nikatoa kompyuta yangu kwenye mkoba, nikaifungua juu ya meza. Nafasi zilizobaki huwa zinatangazwa siku hiyohiyo majibu yanapotoka, kwa walioachwa. Zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa za mahali ambapo hakuna mtu anapopataka, na moja tu ilikuwa ya upasuaji wa watoto. Nikaisoma mpaka chini kabisa, nikairudia.

"Hapo ni wapi?" mama akauliza.

"Mbali kuliko kule."

"Wanao watoto wale?"

"Wanao."

"Muda wake?"

"Ni mrefu kuliko wa kwanza. Na kuna baridi."

Mama akaitikia kwa kichwa. Nilimwona anameza kitu, na nilijua ni neno gani, na nilijua anavyohangaika lisitoke.

"Na mimi niombe wapi?" Mrefu akauliza.

"Omba unapopataka wewe."

"Sindano. Na sisi?"

"Nakupenda," nikamwambia. "Na sijui. Yote mawili ni kweli, usichague moja."

Nikaanza kujaza. Jina, chuo, mwaka wa masomo, chanjo. Nikawa nakosea na kurudia. Nikafika pale wanapouliza mtu wa kupigiwa simu ukipatwa na jambo. Kwenye ombi la kwanza niliandika jina la Mrefu bila hata kufikiri, haraka kama mtu anavyoandika tarehe yake ya kuzaliwa. Sasa vidole vikasimama. Mrefu alikuwa karibu, urefu wake unamwezesha kuona kila kitu. Aliona nilipofika. Aliona pia kwamba nimesita.

"Mama," nikasema, nikiwa nimekazia macho kioo cha kompyuta. "Nitajie namba yako ya simu."

"Unayo namba yangu."

"Nitajie. Nataka kuiandika hapa. Ni ya mtu watakayempigia nikipatwa na jambo huko."

Alielewa. Nilisikia kiti kikisogea, nikasikia miguu yake ikija, akasimama nyuma yangu na harufu yake ya mafuta ya cherehani. Aliweka mkono begani kwangu, akanitajia namba moja moja, polepole, kila moja akingoja niiandike. Katikati sauti ilimkatika, akaanza upya.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Hakikisha. Na uwaambie huwa siizimi."

Mrefu akasimama. Alimuaga mama, akamshukuru kwa ile suruali, akaniambia kwaheri kwa lile jina langu la nyumbani ambalo hulitumia tukiwa wawili tu. Nilitaka kumwambia akae. Mama naye alikuwa amefungua mdomo, akaufumba. Nikamsikia anainama kwenye kizingiti ili asigonge kichwa, hatua zake zikashuka ngazi, na mimi nikabofya kutuma.